Mwanafunzi wangu haoni, shule inataka aache sayansi

SWALI

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa kemia na fizikia katika shule ya sekondari ya kawaida, yaani si shule maalumu. Darasani kwangu yuko binti asiyeona kabisa. Nitamwita Asha, ingawa si jina lake. Hesabu anazifanya kichwani haraka kuliko wenzake wengi, na akinyoosha mkono kuuliza, mara nyingi ni swali ambalo nami lazima nifikiri kwanza kabla ya kulijibu.

Tatizo letu ni maabara. Siku za vitendo namweka kwenye kikundi cha wenzake. Wao wanapima, wanachanganya, wanawasha moto. Yeye anakaa pembeni na mashine yake ya nukta nundu, anaandika wanachomwambia: rangi imebadilika, povu limetoka, mshale wa mita umefika hapa. Ripoti zake ni safi na alama anapata. Lakini majuzi alibaki baada ya kipindi akaniuliza: "Mwalimu, mimi hii kemia naisoma au nasimuliwa?" Sikuwa na la kumjibu.

Sasa uongozi wa shule umependekeza ahamie masomo ya sanaa. Wanatoa sababu tatu: vitabu vya sayansi vya nukta nundu havifiki kwa wakati, maabara ni hatari kwake, na mtihani wa vitendo utamshusha. Wanasema ni kwa faida yake. Kikao na wazazi kimekaribia na nimeambiwa niseme neno kama mwalimu wa somo. Mama yake anaelekea kukubali. Asha mwenyewe anataka kusomea kompyuta baadaye, na anajua kwamba akiacha hesabu na fizikia leo, mlango huo umefungwa.

Sina mafunzo ya elimu maalumu. Darasa langu limejaa, na vifaa vya maabara havitoshi hata kwa wanaoona. Yuko na mwingine anayesoma kitabu akiwa amekibandika karibu na pua, lakini huyo anajimudu. Nikimtetea Asha abaki, nitakuwa namsaidia au namtesa? Na nikishinda hoja, kesho yake naanzia wapi?

Mwalimu wa maabara

JIBU

Marahaba, mwalimu mwenzangu.

Mtetee abaki. Nalisema mwanzoni kabisa ili usipitie barua yote ukitafuta nimesimama wapi. Lakini usimtetee abaki vilevile alivyo sasa. Akiendelea kukaa pembeni na kuandika anachoambiwa, wanaotaka ahamishwe watakuwa na hoja, maana pale kweli anasimuliwa. Mtetee aingie kazini kwa mikono yake mwenyewe. Mengine karibu yote ninayokuandikia hapa yanatoka kwenye hilo.

Kwanza hili la kumhamisha "kwa faida yake". Abraham Nemeth alizaliwa New York mwaka 1918, haoni tangu kuzaliwa. Alichopenda ni hesabu. Alipofika chuoni, washauri wakamwambia hesabu haimfai mtu asiyeona, atafute kitu kinachowezekana. Akawasikiliza, akasoma saikolojia hadi shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Columbia, na kazi ya saikolojia hakuipata. Mkewe, Florence, ndiye aliyemuuliza kama si afadhali awe mwanahisabati asiye na kazi kuliko mwanasaikolojia asiye na kazi. Akarudi kwenye hesabu, baadaye akazifundisha katika chuo kikuu huko Detroit kwa miaka 30. Na kwa sababu nukta nundu za kawaida hazikumtosha kuandika milinganyo, alitunga mfumo wake mwenyewe. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1952, na mfumo huo unaitwa kwa jina lake hadi leo. Huenda ndio huohuo anaoandikia Asha. Wale washauri hawakuwa na chuki naye. Walimhurumia, na huruma yao ikamla miaka. Kisimulie kisa hiki kwenye kikao, taratibu, mama yake akiwa anasikiliza.

Watakuambia sayansi ni ya macho. Waulize ni nani aliyewahi kuiona elektroni. Mkondo wa umeme, ugasumaku, mawimbi ya redio yanayotoka kwenye nyota: vyote tunavijua kwa sababu kuna kifaa kinachogeuza kisichoonekana kuwa kipimo, na kipimo hicho kikawa mshale kwa kuwa tu waliounda mita walikuwa watu wanaoona. Kingeweza kuwa mlio. Wanda Díaz-Merced, mwanasayansi wa nyota kutoka Puerto Rico aliyepoteza uoni akiwa chuo kikuu, huchunguza takwimu za anga kwa kuzigeuza sauti. Geerat Vermeij, asiyeona tangu akiwa na miaka 3, alikuwa profesa huko California na amebobea katika konokono wa baharini. Kwa vidole husoma makovu kwenye makombe yao, pale kaa alipojaribu kuvunja akashindwa na kombe likajiziba, na juu ya makovu hayo amejenga maelezo ya jinsi wawindaji na wawindwaji walivyozidi kujihami kwa mamilioni ya miaka. Mtu huyo hakusimuliwa konokono.

Sasa tuingie maabara, maana hapo ndipo utakapopimwa.

Chukua jaribio la thayosalfeti ya sodiamu na asidi ya haidrokloriki, lile la msalaba uliochorwa kwenye karatasi chini ya bika. Salfa inaanza kujitenga, kimiminika kinakuwa na ukungu, mwanafunzi anachungulia kutoka juu na kusimamisha saa msalaba unapopotea. Msalaba ule hasa unapima nini? Unapima mwanga unaopenya. Basi weka taa moja isiyosogezwa juu ya bika, na chini yake weka kihisi mwanga chenye mlio, kikiwa ndani ya mfuko angavu kisilowe. Ni kifaa kidogo tu: mwanga ukiwa mwingi mlio unapanda, ukipungua mlio unashuka. Zipo hata programu za simu zinazofanya kazi hiyo. Asha anamimina asidi, anabonyeza saa, anasikiliza mlio ukishuka hadi kiwango mlichokubaliana, anasimamisha. Anarudia kwa kimiminika chenye joto zaidi na mlio unaporomoka upesi. Hapo hakuna aliyemwambia kwamba joto huharakisha mmenyuko. Amelisikia mwenyewe. Madirisha yawe wazi kama kawaida, kwa ajili ya ile gesi ya salfa.

Kupima ujazo, usimpe silinda ya mistari. Chukua bomba la sindano la plastiki, bila sindano yake, vuta mpini hadi mililita 5, kisha kwa faili ndogo chonga pengo kwenye mpini pale unapochomoza kutoka kwenye bomba. Bomba jingine lichonge kwenye mililita 10. Mpini ukifika hapo ukucha unanasa, na kipimo kimepatikana. Hili halina gharama ya kuzungumzia kwenye kikao. Kwenye saketi, pale penye balbu tia kengele ndogo ya betri, swichi ikifungwa iite. Mizani na vipimajoto vinavyotamka vipimo vipo sokoni, navyo viombe taratibu kadiri bajeti itakavyoruhusu, ila usisubiri vifike ndipo uanze.

Kutambua asidi na alkali hakuhitaji litimasi, ile karatasi inayobadilika rangi. Weka vipande vya kitambaa pamoja na kitunguu kilichokatwakatwa kwenye mfuko uliofungwa, vilale humo usiku kucha. Asubuhi kimoja kidondoshewe asidi iliyozimuliwa na kingine alkali iliyozimuliwa, visuuzwe kwa maji, kisha wanafunzi wanuse. Kilichoguswa na alkali kinakuwa kimepoteza harufu ya kitunguu. Cha asidi bado kinanukia. Jaribio hili lifanywe na darasa zima. Nimeona mara nyingi kwamba jaribio lililopangwa kwa ajili ya asiyeona likifanywa na wote, hakuna anayelikumbuka kuwa lilikuwa la mtu fulani.

Hofu ya usalama usiipuuze mbele ya uongozi, ijibu kwa mpango. Mpitishe Asha maabarani ikiwa tupu, ajue meza zilipo, mlango, sinki na kizimamoto. Kila chupa iwe na mahali pake na lebo ya nukta nundu, na asiyerudisha kitu mahali pake aulizwe, awe nani. Kazi yake aifanyie ndani ya sinia lenye kingo, ili kikimwagika kibaki humo. Jiko la umeme badala ya moto wa wazi. Vifaa avipapase vikiwa vitupu na baridi, kabla ya kemikali kuingia. Miwani ya kinga avae kama wengine, maana jicho lisiloona nalo linaungua. Mpango wa namna hii ukiuandika vizuri, utaona unawalinda wote.

Pale ambapo jambo kweli linahitaji macho, awe na msaidizi, lakini msaidizi wa kutii. Asha akisema mimina, anamimina. Akisema acha, anaacha. Asimsahihishe, asimtangulie, asimwambie matokeo kabla hajaulizwa swali mahususi: mshale uko kati ya namba gani na gani? Akikosea hatua, kosa liwe lake na alama ipungue, isipokuwa penye hatari. Na usimpe alama za bure. Mwanafunzi anajua alama aliyoifanyia kazi na ile aliyopewa ili anyamaze.

Ukitoka maabarani, badilisha namna unavyozungumza ubaoni. Sisi walimu tuna ugonjwa wa kusema "hii ukiijumlisha na hii unapata hii", huku chaki ndiyo inayofundisha. Sema kila unachoandika. Na useme kwa namna isiyoleta utata. Ukitamka "a gawanya kwa b jumlisha c", Asha hajui kama c iko chini ya mstari pamoja na b au iko nje peke yake, na hayo ni majibu mawili tofauti. Sema "sehemu inaanza, juu a, chini b jumlisha c, sehemu imekwisha". Mfumo wa Nemeth una alama za kufungua na kufunga sehemu kwa sababu hiyohiyo. Baada ya muda utashangaa wangapi miongoni mwa wanaoona nao walikuwa wanapotea hapo, wakanyamaza.

Michoro ndiyo itakayokula muda wako, nakwambia ukweli. Jicho linaunasa mchoro wote kwa mara moja, kidole kinausoma kipande kwa kipande, kwa hiyo mchoro wa kitabuni ukiuinua wote jinsi ulivyo utampa msitu wa mistari. Jiulize mchoro unafundisha nini, bakiza hicho tu. Tandika karatasi nene juu ya mpira laini, upitishe kile kigurudumu chenye meno cha mafundi cherehani. Mistari inainuka upande wa nyuma, kwa hiyo chora ukiwa umegeuza kulia kuwa kushoto. Grafu inafaa ubao laini, pini na uzi, tena aitengeneze yeye. Kwa miale ya lenzi, uzi uliovutwa kutoka pini hadi pini unafundisha kukutana kwa miale vizuri kabisa. Na akitokea wa kukuambia sura ya mwanga airuke, mwambie Nicholas Saunderson hakuwa akiona tangu utotoni kwa sababu ya ndui, na bado alifundisha elimu ya mwanga Cambridge, ambako mwaka 1711 alipewa kiti cha uprofesa wa hesabu alichowahi kukalia Newton.

Kuhusu vitabu kuchelewa, uongozi una haki ya kulalamika, ila wanamwadhibu asiyehusika. Usisubiri kitabu kizima. Wapelekee wanaochapa nukta nundu sura utakazofundisha muhula ujao, kwa mpangilio, mapema. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unaziruhusu taasisi za elimu zinazotambuliwa, katika nchi zilizojiunga nao, kukigeuza kitabu kuwa cha nukta nundu, sauti au maandishi ya kompyuta bila kuomba kibali cha mwenye hakimiliki. Angalia kama nchi yenu imo. Na notsi zako mwenyewe, tafadhali, acha kuzipiga picha na kuzituma kwenye simu. Programu ya kusoma skrini ikikutana na picha ya fomula, husema "picha" na kupita. Andika kwa herufi, milinganyo pia, na kompyuta itamsomea.

Hapo tumeshaingia kwenye ndoto yake. NVDA, programu ya kusoma skrini inayotumiwa duniani kote bila malipo, ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, kijana wa Australia asiyeona, na baadaye akaungana naye James Teh, naye asiyeona. Kuandika programu za kompyuta ni kazi ya maandishi, na maandishi yanasomeka. Aanze na Python, lugha ya kuandikia programu. Atakuambia nafasi za mwanzo wa mstari zinampotea. Kwenye mipangilio ya NVDA kuna mahali pa kuiambia itamke nafasi hizo au izitolee mlio. Asianzishwe kwa zile lugha za watoto za kuburuta vipande vya rangi kwa kipanya, kwa sababu hapo kikwazo ni kipanya na ataondoka akidhani kikwazo ni yeye. Huyu binti anayefanya hesabu kichwani amezoea kushikilia mengi akilini bila kuyatazama, na hiyo ni nusu ya kazi ya mwandishi wa programu.

Kuhusu mtihani wa vitendo, waandikie barua wanaosimamia mitihani sasa, usingoje mwaka wa mtihani. Omba karatasi ya nukta nundu yenye michoro ya kugusa, muda wa ziada, vifaa alivyozoea na msaidizi wa kutii kama nilivyoeleza. Ukihitaji kitu cha kushika mkononi, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, Ibara ya 24, unazitaka nchi wanachama zitoe elimu jumuishi na marekebisho yanayomfaa mwanafunzi. Ambatanisha rekodi ya majaribio aliyoyafanya mwenyewe. Ndiyo maana nasema anza na bomba la sindano wiki hii: ukifika kwenye kikao bila jaribio hata moja alilolifanya, mtabishana kwa maoni.

Na Asha awepo kwenye kikao hicho. Asiitwe mwishoni kuambiwa uamuzi. Mama yake usimshinde kwa hoja. Anaogopa mwanawe aumie, na nani asiyeogopa? Mwalike maabarani kabla, amkute bintiye akipima asidi.

Kuna jambo moja uliloliandika kwa sentensi moja ukapita, la yule anayebandika kitabu puani. Huyo hajimudu, anajificha. Wasioona kabisa ni wachache kuliko wenye uoni hafifu, na hawa ndio wanaopotea kwenye sayansi bila kikao chochote kuitishwa, kwa sababu hakuna anayejua. Mwite faraghani. Muulize anaona nini kutoka alipoketi, dirisha linamwakia upande gani, herufi za ukubwa gani anazisoma bila kuumwa kichwa. Mwondoe penye mng'ao, mpe maandishi makubwa na wino mweusi uliokolea, mruhusu asogee hadi ubaoni wakati wowote bila kuomba ruhusa. Na apelekwe kupimwa macho. Inawezekana anachohitaji ni miwani tu, na amekaa bila hiyo miaka yote hiyo.